Karanga Ambazo Sengi Hakumpa Mayunga

Masumbwe, Jumatatu asubuhi

Mayu, mama yangu, shikamoo.

Umeamkaje na goti lako, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa vumbi? Yule kuku wako wa madoadoa bado anataga chini ya kitanda cha Masanja, au alishaliwa msibani? Mimi natembea, nakula, nalala. Shuleni tulifundishwa kwamba mwenye kuandika barua aseme kwanza yeye ni buheri wa afya, ndipo aulize hali za wengine. Nimeona nikuulize wewe kwanza, maana afya yangu haina habari nyingi.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Lakini simu ya nyumbani ni ya Masanja, na kaka yangu huyo akipokea anaweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikia, hata jirani anayepita njiani anaitikia salamu. Haya ninayotaka kukuambia hayasemeki hivyo. Nimempa barua Hamisi, muuza vitenge anayekwenda Shinyanga kila Jumanne kufuata mzigo. Ameahidi kufika mpaka nyumbani na kukukabidhi mkononi. Mpe maji ya kunywa, ni mtu mwema, ila usimwache aanze kuhesabu sifa za vitenge vyake, hutalala.

Isome mwenyewe. Najua husomi haraka, ulijifunzia ukubwani kwenye darasa la watu wazima, mimi nikiwa mgongoni, kama unavyopenda kujisifu. Soma kidogo kidogo. Ukichoka, weka chini ya godoro, utaendelea kesho. Ziko karatasi tatu. Usimpe mtu hata moja kabla hujafika mwisho wa zote.

Masanja alinipigia jana. Habari ya kufiwa na mtoto wake mchanga nilikuwa nayo tangu wiki ile ya msiba, na najua mlinisubiri sikuja. Sikuwa na sababu. Siku nilipoambiwa, nilikuwa nimekaa kwenye ndoo yangu hapa mwaloni, tunakopondea mawe na kuosha dhahabu, nikaendelea kuponda mpaka mfuko ukaisha. Nilitaka kulia, nikashindwa. Mkono unaoshika nyundo kutwa nzima hufika mahali ukafa ganzi, ukijigonga kidole unaiona damu kabla hujasikia maumivu. Ndani yangu ni hivyo hivyo sasa, mayu. Nakuambia ili usidhani nimewasahau.

Basi jana Masanja hakunilaumu kwa kutokuja. Alisalimia vizuri, akauliza kazi, kisha akasema, "Kabula, tulimwita mganga. Kaona. Ni yule yule wa mwanzo."

Nikamwambia, "Mtoto alikuwa na homa, kaka. Mkeo mwenyewe aliniambia alichemka siku nne."

"Homa imetumwa na nani? Macho yake ameyaona kila mtu. Sasa sikia. Jumapili sungusungu wanakaa. Vijana hawataki tena habari ya kumtenga, wanasema alitengwa hakukoma. Wazee wanataka shahidi kwanza, na shahidi ni wewe. Sisi wengine tulisikia tu, wewe ndiye uliyeona. Njoo useme tena yale uliyosema, tuimalize hii kazi."

Nilijua anaposema kuimaliza anamaanisha nini. Na wewe unajua. Sengi Limi, dada yake marehemu baba, hataiona Jumatatu nyingine kama mimi nikisimama pale na kusema tena nilichosema nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Nilimjibu Masanja kwamba nitakuja. Akafurahi, akasema, "Ndiyo dada yangu huyo." Hajui nakuja kusema nini. Sikumwambia kwa kuwa ningemwambia angenizuia, au vijana wasingesubiri Jumapili.

Sasa nikusimulie jambo lililotokea hapa Alhamisi, kabla ya simu ya Masanja, ndipo uelewe kwa nini nimeshika kalamu.

Macho yangu, mayu, yamekuwa mekundu. Hujaniona mwaka wa pili huu. Yalianza kwa kuwasha, nikadhani ni vumbi la mawe litapita. Tunaponda kavu, na unga wake unapanda usoni. Ukitoka hapo unapikia kuni mbichi kwenye kibanda cha turubai, moshi hauna pa kwenda. Nilinunua dawa ya matone, ikasaidia siku mbili. Wanawake wote tuliokaa hapa muda mrefu tuko hivyo, tunataniana, tunaitana "taa za breki". Mgeni ndiye anayeogopa.

Na mgeni tulikuwa naye. Ni Mama Neema, amekuja kutoka upande wa Tabora mwezi uliopita, anaponda mawe pembeni yangu. Ana mtoto wa miaka minne, ndiye huyo Neema, kitoto chenye maneno kama mzee wa baraza. Mimi sina kawaida ya kucheza na watoto wa watu, unajua, lakini yeye alikuwa ananifuata mwenyewe na kuniuliza kila jiwe linaitwaje.

Alhamisi mchana alikuja mnunuzi wa dhahabu, akakaa kwenye turubai letu apime. Wanunuzi wana asidi ya kusafishia, ukiiangalia hivi hivi utasema ni maji, na huyu aliiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa. Aliiweka chini akainuka kuongea na simu. Nilipogeuka, Neema ameshaifungua na ameiinua.

Niliipiga kwa mkono, na nadhani nilimpiga na mtoto pia, maana alianguka akaanza kupiga yowe. Chupa ikamwagikia mguu wangu na kitenge. Mama Neema akaja mbio, akamkuta mwanae chini, mimi nimesimama juu yake. Hakuona chupa. Aliangalia macho yangu.

"Umemfanya nini mwanangu?" akasema. "Tangu siku ya kwanza nilijua. Unamwangalia, unamwangalia. Na macho hayo."

Watu wakajaa. Wanawake wale wale tunaotaniana nao walisogea nyuma kidogo. Mwanamume mmoja mwenye nyundo, hata simjui, akasema, "Kwetu mtu wa macho hayo haachwi na watoto." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mchele.

Kilichoniokoa ni kitenge. Kilianza kutoboka mbele yao, tundu moja, mawili, matano, na ngozi ya mguu ikapanda malengelenge. Mnunuzi akarudi akiuliza nani kagusa asidi yake. Ndipo Mama Neema akaangalia chupa, akaangalia mguu wangu, akambeba mtoto wake akaondoka. Hakuomba msamaha. Kesho yake alihamishia ndoo yake upande wa pili. Wenzangu wakarudi kwenye utani, mimi nikacheka nao. Mguu unapona, usiwe na wasiwasi.

Nilikuwa na kitenge kilichotoboka cha kuwaonyesha watu. Sengi Limi hakuwa na kitu cha kuonyesha, kwa kuwa alichohitaji kukionyesha kilikuwa kwetu. Hilo nimelifikiria siku tatu nikiponda, halafu Masanja akapiga simu.

Hapa karatasi ya kwanza imeisha. Hii inayofuata nataka ipelekwe kwenye mkutano kama basi litaniharibikia njiani au nikikwama kwa lolote. Msomaji awe Minza, binti wa Masanja, asome kwa sauti na asiruke kitu. Yuko sekondari, anasoma vizuri kuliko wazee wote. Na nataka watoto wa kijiji waliokaa nyuma wasikie, kwa sababu na wao wataulizwa siku moja.

*

Kwa wazee wangu, na kwa kila aliyefika.

Mimi ni Kabula, mtoto wa pili wa marehemu baba yangu mliyemjua. Mwaka ule mdogo wangu Mayunga alipofariki, nilisema mbele yenu kwamba Sengi Limi alikuja shambani akampa karanga. Nilisema uongo. Hakumpa karanga. Hakumpa kitu.

Ulikuwa msimu wa kupiga dawa pamba. Baba na mama walikwenda mnadani, Masanja alikuwa machungani na ng'ombe, nikaachwa shambani na Mayunga. Alikuwa na miaka mitatu. Jua lilikuwa kali, maji tuliyokuja nayo yakaisha, akalia kiu. Lambo halikuwa mbali ila sikuwa na chombo. Baba alikuwa na chupa ya plastiki ya kupimia dawa ya pamba, ameifunga uzi mwekundu na kuitundika kwenye tawi, na alikuwa ametuambia tusiiguse. Niliitundua. Niliisuuza lamboni mara mbili, nikanusa, nikaona harufu imepungua. Nikaijaza maji nikampa. Alikunywa sana kwa kuwa alikuwa na kiu.

Kabla sijafika naye nyumbani alikuwa anatokwa na mate na kutetemeka. Kiini cha jicho kilikuwa kidogo kama mbegu ya mtama. Mliokuwepo mlimwona. Hakufika jioni.

Sengi Limi alipita shambani siku hiyo na kikapu cha samadi kavu kichwani. Alitusalimia, Mayunga akamcheka kwa kuwa kanga yake ilikuwa inaburuta, akaenda zake. Ni hayo tu.

Mganga alipochinja kuku na kuangalia, alisema kuna mtu alikula na mtoto. Mkaniita. Mzee mmoja akaniuliza nani alikuja shambani, nikasema Sengi. Akauliza alimpa nini. Nikasema karanga. Hakuna aliyenipiga ili niseme, hakuna aliyenifundisha. Ningependa kuwaambia kwamba nililazimishwa, mngenihurumia. Lakini nilijibu mwenyewe, na nilijibu upesi, kwa sababu karanga zilikuwa zinanitoa mimi hatiani. Mlishaangalia macho yake kabla ya kuniuliza, nami niliona mnakoangalia.

Macho yake yalikuwa mekundu kwa kuwa mjane asiye na mtoto wa kumkatia kuni hupikia mabua ya pamba na samadi kavu katika nyumba isiyo na dirisha. Mimi nina miaka ishirini na mitano na yangu yako hivyo hivyo leo. Mtayaona nikija.

Baada ya hapo mlimtenga. Miaka kumi na minne hakuna aliyempa moto, aliyemsagia, wala aliyemsalimia. Alipougua alijichotea maji mwenyewe. Nyumba yake ilichomwa, akajenga nyingine kule mbugani. Na shamba alilopewa na baba yake, lile la udongo mweusi, tulianza kulilima sisi. Mahindi yake nimekula na mimi. Simtuhumu mtu kwamba alimtaka mchawi ili apate shamba. Nasema tu kwamba alipokwisha kuwa mchawi, shamba halikukaa hata msimu mmoja bila jembe letu.

Kaka Masanja, mtoto wako alikufa kwa homa. Pole sana. Najua homa haina sura ya kukasirikia. Anayetaka mtu aliyeua mtoto katika nyumba yetu anitafute mimi, nipo, na nilikuwa mtoto. Sengi Limi mwacheni.

*

Karatasi hii ya tatu ni yako peke yako, mayu. Ukitaka uichome baada ya kusoma, ichome. Ile ya pili inatosha kwenda mbele ya watu bila hii.

Siku ile, wakati wanawake wamejaa ndani wakimlilia Mayunga, ulitoka ukaenda shambani. Ulisema unafuata jembe. Nilikufuata kwa mbali kwa kuwa nilikumbuka chupa, nilikuwa nimeiacha chini ya mti, wazi. Ulifika kabla yangu. Nilikuona ukiinama, ukaiokota, ukainusa. Ukainusa tena. Kisha ukageuka ukaniona nimesimama kwenye mstari wa pamba.

Nilingoja unipige. Heri ungenipiga. Uliificha chupa ndani ya kitenge chako, ukaniambia, "Kabula, twende nyumbani, utakanyaga miiba." Ulinishika mkono njia nzima. Baadaye nilikuona ukiingia nayo chooni na ukatoka bila kitu.

Kwa hiyo siku mganga alipokuja na mimi nikataja karanga, mlikuwa wawili mliojua kwamba ni uongo, wewe na Sengi Limi. Yeye alisema, akazomewa. Wewe uliangalia chini.

Sikulaumu. Nimejaribu kukulaumu hapa mbali, nimeshindwa hata hilo. Baba alikuwa mtu wa hasira, tunamjua, na ulikuwa umeshazika mmoja. Ulikuwa unamchagua aliyebaki. Ninajua ulinipenda, kwa kuwa tangu siku ile ulinipa nyama kubwa kuliko Masanja, na hukunikabidhi tena mtoto wa mtu yeyote, hata Minza alipozaliwa. Mama Minza alikuwa akiniletea nimshike, wewe unafika kabla yangu unampokea. Hukusema kwa nini. Mimi nilijua, na nilikaa nikisubiri uniulize. Nilisubiri mpaka nikaondoka nyumbani. Watu walidhani nilifuata dhahabu.

Ninachokuomba si kikubwa wala si kidogo. Mimi ni mtu mmoja, na wanaweza kusema nimerogwa nibadilishe maneno, au nimehongwa, au macho yangu yenyewe ni ushahidi kwamba nimekuwa kama yeye. Masanja atasema hivyo, namjua. Wakisema hivyo, neno langu halitamsaidia Sengi. Lakini wewe ni mama wa marehemu. Ukisimama ukasema uliiona chupa, hakuna kijana wa sungusungu atakayenyanyua rungu. Hawatakuwa na pa kuanzia.

Najua nakutaka useme nini juu yako mwenyewe mbele ya watu unaochota nao maji. Najua wataanza kukuangalia wewe. Sitakisema mimi, nakuahidi. Wakiniuliza chupa ilikwenda wapi, nitasema sijui. Ni uongo wangu wa mwisho na nimekuwekea wewe.

Nimechoka, mayu. Sina hofu, na hilo linanitisha kidogo. Nimefua kitenge kingine, nimemwachia jirani yangu ndoo na nyundo. Sijamwambia narudi lini.

Nisalimie watu. Mpe pole Mama Minza, wifi yangu, mwambie kifua cha mwenye kunyonyesha aliyefiwa kinauma, akande kwa maji ya vuguvugu, na asimruhusu mtu amwambie alizembea. Mwambie Minza anayekaribia mtihani kwamba shangazi yake anamtegemea kwa sauti. Mjomba wangu fundi baiskeli mwambie ile pampu aliyoniazima bado ninayo. Masanja msalimie pia, yeye ni kaka yangu, ila usimwonyeshe karatasi hizi kabla ya Jumapili. Babu wa kanisani, yule anayepiga kengele, mwombe aje mkutanoni hata kama ataambiwa hayamhusu.

Sengi Limi simtumii salamu kwa barua.

Nitapanda basi Jumamosi alfajiri. Likifika salama nitakuwa kijijini kabla ya saa tisa, mchana kweupe, watu wakitoka mashambani wataniona ninapita. Sitakuja nyumbani, mayu, usinipikie. Nitapita barabara ya nyuma ya shule mpaka mbugani, nitapiga hodi kwa Sengi Limi, na akinifungulia nitalala huko mpaka Jumapili, ili anayemtaka yeye anikute na mimi.

Ukitaka kuniona, njoo huko.

Mwanao aliyekunywesha machozi,
Kabula